Siku Moja Kabla ya Siku ya Wajinga

Ngrang!

Ukiingia Idara ya Ubakizaji wa Wateja kwa mlango wa nyuma, kabla hujaona meza wala mtu, mlio huo ndio unaokupokea. Ni kengele ya shaba, na hugongwa kila mteja aliyepiga simu ili atuache anapokata simu akiwa bado ni wetu. Asubuhi ninayoisimulia iligongwa mfululizo kutuita kwenye tangazo, mpaka wapishi wa kantini wakadhani jengo linaungua. Wakatoka nje, wakapanga foleni kwenye maegesho, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, wakaombana radhi.

Kisha spika zikakohoa, na sauti ya Mwenyekiti wetu, Sir Crispin Averill, ikatushukia kutoka dari.

"Wana Brackenwire wapendwa! Ninayo furaha kuwatangazia kwamba mwaka huu, kama mwaka jana, bei ya intaneti itapanda. Itapanda kwa heshima. Itapanda kwa upendo. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya mawasiliano ya taifa hili, itapanda mapema!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana wazo lilikuwa langu.

Naitwa Clive Entwistle, Mkurugenzi Msaidizi wa Ubakizaji, makao makuu, Burnley, kaskazini mwa Uingereza. Kazi yangu watu hawaielewi. Mtu yeyote anaweza kumvutia mteja. Mpe bei ya kuanzia, mwoneshe picha ya familia inayocheka mbele ya runinga, atakuja mwenyewe. Kumzuia asitoke ndiyo sanaa.

Sanaa yenyewe imesimama juu ya mkataba. Mkataba wetu ni wa miaka miwili, na unasema wazi kwamba kila tarehe mosi Aprili bei itapanda. Umesema hivyo kwenye ukurasa ule ambao mteja huuruka akienda mahali pa kutia saini. Kwa kuwa jambo hilo limeandikwa, mteja hawezi kulalamika. Akitaka kuondoka kabla ya muda, analipa miezi yote iliyobaki, mfano wa mtu anayeaga harusini mapema akaambiwa alipie kwanza chakula cha wageni wote.

Ipo pia sheria ya mamlaka ya mawasiliano. Inasema kwamba kampuni ikibadilisha jambo lolote ambalo halimo kwenye mkataba, na badiliko hilo likamuumiza mteja, basi mteja ana siku thelathini za kuondoka bure, bila faini. Ni sheria nzuri sana, nasi tunaiheshimu kwa kutoisumbua. Ndiyo maana Brackenwire haibadilishi kitu. Inapandisha tu.

Tatizo lilikuwa tarehe yenyewe. Tarehe mosi Aprili ni Siku ya Wajinga, na huku kwetu siku hiyo mtu mzima mwenye rehani na mvi anaweza kumwekea mkewe chumvi kwenye bakuli la sukari, na ikawa utani halali hadi saa sita mchana. Baada ya saa sita, mjinga ni mtani mwenyewe. Sasa mwaka jana, wateja wetu waliamka wakakuta bei imepanda, wakacheka. Maelfu yao. Walikataa kulipa kwa sababu hawakutaka kuonekana wajinga. Bwana mmoja wa mji wa Clitheroe alituandikia kutupongeza. Alisema ni utani bora kuliko ule wa gazeti lake, na kwamba sehemu ya "kwa huduma ileile" ilimchekesha mpaka akamwaga chai.

Sir Crispin aliumia. Yeye hupenda kuchukiwa, kuchekwa hawezi.

Ndipo ikaundwa Tume ya Tarehe, chini ya uenyekiti wangu. Tulikaa tukatafakari. Pendekezo la kwanza lilikuwa bei ipande tarehe hiyohiyo, ila baada ya saa sita mchana, utani ukishakwisha muda wake. Likakataliwa, maana asubuhi nzima ingekuwa ya bei ya zamani. Pendekezo la pili lilikuwa tarehe mbili.

"Siku nzima?" Sir Crispin aliuliza, akishika kifua. "Clive, nimekukosea nini?"

Nikasimama. Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, kama hatuwezi kwenda mbele, twende nyuma. Tarehe thelathini na moja Machi."

Wajumbe wakakaa wima, kama watu wanavyokaa wima historia ikipita. Mjumbe mmoja alishauri tuwaulize watu wa Idara ya Sheria. Tuliwapigia. Tukaambiwa tuko kwenye foleni, na wakati wa kusubiri tukasikiliza lile shairi la laini ya kusubiria, ambalo pia, nasema bila kujisifu, nililitunga mimi:

Mteja usiondoke, huko nje kuna baridi,
Ngoja mpaka uchoke, kuchoka ndiyo juhudi.

Tulilisikiliza mara kadhaa. Tukachoka, tukakata, tukapitisha.

Bei ikapanda Machi, kwa heshima na upendo. Hakuna aliyecheka.

Siku chache baadaye, Rukhsana alinipungia mkono kutoka meza yake. Rukhsana ni kiongozi wa zamu, mwenye akili nyingi na adabu ya kiasi.

"Bosi, kuna mama hapa kanishinda," alisema akiziba kipaza sauti. "Nimempa punguzo la miezi mitatu, kakataa. Nimempa kikombe chenye nembo, akauliza kama tuna akili timamu."

"Mlete kwangu," nikasema. "Uangalie na ujifunze."

"Nafungua daftari kabisa, bosi," alisema, na wala hakufungua.

Nikavaa tabasamu. Tabasamu husikika kwenye simu, tumefanyiwa semina.

"Brackenwire, unaongea na Clive. Napenda kukujulisha kwamba simu hii inarekodiwa kwa ajili ya mafunzo na ubora."

"Haya mpenzi, itarekodiwa," alisema. Huku kwetu kila mtu ni mpenzi, hata anayekugonga kwa gari hukuuliza, "Umeumia, mpenzi?" Kisha akaendelea, "Naitwa Enid Ollerenshaw, wa Nether Skelby. Nataka kuondoka."

"Bi Ollerenshaw, nasikitika mno kusikia hivyo."

"Usisikitike, mpenzi. We nifungulie mlango tu."

"Naomba nielewe kwanza kinachokusumbua."

"Intaneti yenu. Nina mjukuu Dunedin, New Zealand. Nilimwona kwenye simu ana meno mawili, picha ikaganda. Ilipoganduka alikuwa na meno yote na ananiuliza mimi ni nani."

"Watoto wanakua haraka," nilimfariji.

"Wanakua haraka kuliko nyinyi, ndiyo. Sasa sikiliza. Pale kijijini tumechoka, tumeanzisha ushirika wetu wenyewe. Tumechimba mfereji wa waya, kuanzia barabara kuu, tukapita malisho ya kondoo, mpaka kwenye ukumbi wa kijiji."

"Wanaume wa kijiji wamejitolea! Inapendeza sana."

"Wanaume?" Alicheka kicheko kikavu. "Wanaume walishika vikombe vya chai wakatoa maoni. Tumechimba mimi na kina mama wa kwaya. Mgongo wangu mpaka leo ukiugusa unaimba. Na mfereji uko wazi, mpenzi, umejaa maji ya mvua, kondoo mmoja ameshatumbukia mara mbili na anaelekea kupapenda. Benki imesema itatukopesha hela ya waya kama nusu ya nyumba zitajiunga kabla ya Mei. Tusipofika nusu, hakuna mkopo, na sisi wenyewe turudi na majembe tukaufukie. Nusu ya nyumba unajua ziko wapi?"

"Wapi, Bi?"

"Kwenu! Mmetufunga kama kuku wa sokoni. Kila mtu pale anasema, Enid, mkataba, Enid, faini. Kwa hiyo naanza mimi. Nitoe."

Nilihisi uchungu wake. Nikamsomea sheria, maana mwongozo unasema mteja mwenye uchungu asomewe sheria, taratibu, kwa sauti ya joto. Nikamweleza kwamba kupanda kwa bei si sababu ya kuondoka, kwa kuwa kumo kwenye mkataba. Nikamweleza kwamba angekuwa na siku thelathini za kuondoka bure endapo tu sisi tungebadilisha jambo ambalo halimo, jambo ambalo kampuni makini kama yetu haiwezi kulifanya.

"Halafu nyie mna roho gani?" aliuliza. "Mnapandisha bei kwa mwanamke wa umri wangu, tena Siku ya Wajinga, kunidhihaki."

Hapo, wasomaji, nilipata nafasi niliyokuwa naisubiri. Kila kiongozi hutamani siku moja mwananchi amuulize swali ambalo jibu lake ni fahari yake.

"La hasha, Bi Ollerenshaw!" nilisema. "Mwaka huu hukudhihakiwa hata kidogo. Kwa heshima yako, bei tumeipandisha tarehe thelathini na moja Machi. Siku moja kabla."

Nikasikia karatasi zikipekuliwa. Nikadhani anatafuta leso, alie kwa furaha.

"Mpenzi," alisema hatimaye, polepole, "mkataba unasema tarehe gani?"

"Mosi Aprili."

"Na nyie mmepandisha lini?"

"Thelathini na moja Machi."

"Na hiyo siku moja ya katikati, nani kailipa?"

"Wewe, bila shaka. Mambo mazuri yana gharama."

"Na kwenye mkataba imo?"

"Haimo," nikasema kwa madaha. "Ni uvumbuzi mpya kabisa. Tumebadilisha tarehe kwa ajili yako."

"Rudia hilo neno la mwisho, mpenzi. Na hiyo mashine yenu ya kurekodi, hebu isogeze karibu na mdomo."

Nikalirudia, kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Basi naondoka," alisema Bi Ollerenshaw. "Bure. Siku zangu thelathini umenisomea mwenyewe sasa hivi, tena vizuri. Una sauti nzuri, mpenzi. Ungekuja kwaya."

Nilifungua sheria, nikaisoma upya, nikaifunga. Kwa masikitiko makubwa nikambonyezea kitufe cha kutoka, ambacho kilikuwa kigumu kwa kutotumika.

Rukhsana alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bosi," alisema, "unajua ulichokifanya?"

"Nimempoteza mteja mmoja, ndiyo. Lakini kwa ustaarabu gani! Umesikia alivyonisifu?"

"Nimesikia. Nimesikia kila kitu. Na mashine ya kurekodi nayo imesikia."

Simu ile niliipeleka kwenye Tuzo ya Simu ya Mwezi. Sitaki kujivuna, niseme tu kwamba ilishinda. Sir Crispin mwenyewe aliisikiliza. Mwenyekiti ni mtu wa shughuli nyingi, kwa hiyo kila anachokisikiliza hukisikiliza dakika ya kwanza tu, na dakika ya kwanza ilikuwa mimi nikisikitika na kutabasamu. Alifurahi kiasi cha kutoa agizo: shairi langu liondolewe kwenye laini ya kusubiria, na mahali pake pawekwe mazungumzo yangu na Bi Ollerenshaw, yote, ili kila mteja anayesubiri ajionee jinsi anavyothaminiwa.

"Bosi, mwambie asikilize mpaka mwisho," Rukhsana alininong'oneza.

"Mwenyekiti hafundishwi kusikiliza, Rukhsana."

"Hilo tunaliona."

Basi kuanzia siku hiyo, kila aliyepiga Brackenwire, na wote waliopiga walisubirishwa sana, alinisikia mimi na mama mmoja wa Nether Skelby tukimweleza, hatua kwa hatua, kwa sauti ya joto, jinsi ya kutuacha bila kulipa hata senti. Waliokuwa wamepiga kuuliza nywila wakaondoka. Waliokuwa wamepiga kutusifu, kama walikuwepo, wakaondoka. Wengine waliisikiliza mara mbili kwa sababu ya kondoo. Nilitambulika sokoni. Muuza samaki na viazi aliniwekea siki ya ziada, akasema, "Hii ni ya yule mjukuu, mpenzi."

Kengele yetu ya shaba haikugongwa tena. Ilianza kushika vumbi, na mtu fulani akaivalisha soksi.

Kule Nether Skelby, nyumba zilitoka moja baada ya nyingine, na kila mtu alipofika kwenye simu aliniita Clive, kama mtoto aliyemlea. Nusu ikafika kabla ya Mei, ikapita. Benki ikatoa mkopo. Waya ukalazwa, mfereji ukafukiwa na watu waliokuwa wanacheka, na kondoo yule akaonekana amesimama pale juu ya udongo mpya, amenuna. Bi Ollerenshaw alipiga simu kwa hisani yake tu, kunijulisha kwamba mjukuu wake ana meno yote, na kwamba sasa yanasogea, picha haigandi.

Sir Crispin hakukaa kimya. Viongozi wa kweli huonekana wakati wa dhoruba, na yeye alionekana kwenye kila gazeti. Bei za hisa zilikuwa zinaporomoka, watu wananong'ona kwamba Brackenwire imekimbiwa. Kwa hiyo aliita wapiga picha, akasimama mbele ya nembo yetu, na kwa kalamu ya dhahabu akatia saini mkataba mpya wa miaka miwili kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Mkataba huo ulikuwa umerekebishwa. Ulisema tarehe thelathini na moja Machi bila kificho, na tundu lolote ambalo mama wa kwaya angeweza kupita lilikuwa limezibwa kwa sementi ya kisheria.

"Mimi ni mteja kama wewe!" aliliambia taifa. "Na mimi sitoki!"

Niliikata picha hiyo nikaibandika ukutani.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba nyumba ya Sir Crispin, ile yenye mabomba mengi ya moshi na tausi mmoja mgonjwa, iko juu ya kilima cha Nether Skelby. Wengine wote walipokuwa wametoka, laini yetu ya kijiji kizima ikawa inamhudumia yeye peke yake. Idara ya Ufundi, kwa kufuata waraka wa kubana matumizi aliousaini yeye, ikaona haina haja ya kuendesha mitambo mizima kwa mteja mmoja, ikampunguzia kasi hadi kiwango cha chini kabisa cha ubinadamu.

Nilikuwa mezani kwangu simu ilipoita.

"Clive, ni mimi."

"Brackenwire, unaongea na Clive. Napenda kukujulisha kwamba simu hii—"

"Clive! Ni mimi! Nimesubiri tangu asubuhi!"

"Nasikitika mno kusikia hivyo. Jina kamili, tafadhali?"

Alilitaja, akasaga meno. Rukhsana akasogeza kiti. Wasichana wa meza za jirani wakasogeza vyao.

"Sikiliza," alisema Sir Crispin kwa sauti ya chini. "Jana nilikuwa nahutubia wenye hisa kwa video. Picha ikaganda. Nimeganda nimeachama mdomo, jicho moja limefumba, Clive, wakati mtu ananiuliza kama kampuni ina mwelekeo. Magazeti yameichapa! Alhamisi wanapiga kura kama nibaki kwenye kiti au nitoke. Nisipoonekana nikiongea kama mtu mzima, nimekwisha."

"Pole sana, Sir Crispin. Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimezima, nimewasha, nimepiga teke! Nimeshuka mpaka kwa yule mwanamke, yule Ollerenshaw. Nimegonga mlango wake mimi mwenyewe. Nikamwomba aniunganishe na waya wa kijiji. Unajua kanijibu nini? 'Karibu sana, mpenzi, ila malizana kwanza na hao ulionao, hapa hatuchukui mtu wa watu.'"

"Ni mama mwenye utaratibu."

"Nitoe, Clive."

Nilifungua mkataba wake. Niliusoma mwanzo hadi mwisho kwa unyenyekevu. Ulikuwa mkataba mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Hata upepo usingepita.

"Hatujabadilisha jambo lolote, Sir Crispin. Siku thelathini huna. Unaweza kuondoka kwa kulipa faini."

"Hela si shida! Lakini nikilipa faini itajulikana. Nimepigwa picha nikisaini! Kesho magazeti yataandika kwamba mwenyekiti amelipa pesa aikimbie kampuni yake! Nifute kimyakimya. Nitoe kama vile sikuwahi kuwepo."

"Mfumo hauna kitufe hicho. Ulituambia tukiondoe."

"Clive. Nakuomba. Kama mtu na mtu."

Nakiri kwamba sauti yake ilinigusa. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akiomba kitu. Nikamtazama Rukhsana, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka, nadhani ya huruma. Nikafanya kile nilichofundishwa kukifanya kwa mteja yeyote aliye katika dhiki.

"Naweza kukupatia kikombe chenye nembo," nilisema.

"Ninavyo vikombe hivyo, Clive! Ninavyo ghala zima!"

"Na punguzo la miezi mitatu?"

Kwenye laini nilimsikia tausi akilia kwa mbali. Nikaelewa kwamba huu ndio wakati ambao kazi yangu yote ilikuwa inauelekea: mteja mkubwa kuliko wote, mwenye sababu zote za kuondoka, na mimi nimesimama mlangoni. Nikainuka kwenye kiti. Idara nzima ikainuka pamoja nami. Nikavaa tabasamu lile linalosikika.

"Sir Crispin," nilisema, kwa sauti ambayo hata kantini waliisikia, "wengine wote watuache wakitaka. Lakini nakuahidi, mbele ya hawa wote waliosimama hapa: wewe hatutakuachia."